Mfungaji au Beki wa Kati: Pengo Lipi Huiumiza Zaidi Timu ya Taifa?

Kikosi cha Harambee Stars kikitangazwa, jina la kwanza kutafutwa Nairobi ni la mshambuliaji Michael Olunga. Asipokuwemo, mjadala huwaka kuanzia Kasarani hadi kwenye matatu za Kayole. Mashabiki wana haki yao. Huyu ndiye aliyefunga mabao 28 mwaka 2020 akiwa na Kashiwa Reysol, akatwaa tuzo ya mfungaji bora na ya mchezaji bora wa ligi kuu ya Japan. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kule Cairo, alifunga mawili kati ya mabao matatu yaliyoilaza Tanzania 3-2, ushindi pekee wa Kenya katika fainali zile za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Sasa weka kando ya hayo Agosti 2025. Mashindano ya CHAN huruhusu wachezaji wa ligi za nyumbani tu, kwa hivyo Kenya ilicheza bila Olunga na bila Mkenya yeyote wa ligi za nje. Iliilaza DR Congo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha ikazilaza Morocco na Zambia kwa 1-0 kila moja. Ilipata alama 10 na kuongoza kundi, ikafungwa bao moja tu katika mechi nne, na mbili kati ya hizo ilizimaliza na watu kumi baada ya kadi nyekundu. Pengo la mfungaji lilionekana, hilo halina ubishi: mabao manne katika mechi nne ni kidogo, na robo fainali dhidi ya Madagascar iliisha 1-1 kabla ya Stars kutolewa kwa penalti 4-3. Ila timu ilibaki imesimama.

Mchezaji bora na mchezaji asiyeweza kukosekana si lazima wawe mtu mmoja. Na jibu hubadilika kulingana na kinachochezwa: mechi nyingi za kufuzu, au mchujo wa dakika 90 ambapo ukiteleza umekwenda nyumbani.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutaja jina

La kwanza ni tofauti kati yake na anayekaa benchi. Nyota wa Ufaransa akiumia, anayeingia mara nyingi anachezea klabu ya Ligi ya Mabingwa. Nyota wa Kenya akiumia, anayeingia huenda hajawahi kuanza mechi ya kimataifa yenye uzito.

La pili ni wangapi watahamishwa. Winga akitoka na winga akaingia, umebadili mtu mmoja. Beki wa kati akitoka na ukalazimika kumrudisha nyuma kiungo mkabaji, tayari umebadili nafasi mbili, na anayejaza pengo la kiungo naye kaacha lake. Hapa ndipo timu nyingi hupotea: kocha anadhani amempoteza mtu mmoja, kumbe wachezaji watatu wako mahali wasipopazoea.

La tatu ni siku za kujiandaa, na la nne ni aina ya mashindano. Mifano inayofuata itaonyesha kwamba haya mawili yana uzito kuliko jina la mtu.

Mfungaji: hasara yake huandikwa kwenye msimamo wa kundi

Mfano ulio wazi zaidi Afrika ni Nigeria na Victor Osimhen katika safari ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Alikosa mechi nne za mwanzo. Nigeria ilitoka sare ya 1-1 na Lesotho, 1-1 na Zimbabwe, 1-1 na Afrika Kusini, kisha ikachapwa 2-1 na Benin: alama tatu kati ya 12. Aliporudi Machi 2025 alifunga yote mawili dhidi ya Rwanda kule Kigali, na baadaye akafunga matatu Benin ilipochapwa 4-0. Nigeria ilimaliza na alama 17. Afrika Kusini ilimaliza na 18, ikafuzu moja kwa moja.

Tazama zile sare. Timu isiyo na mfungaji wake haigeuki kuwa timu ya kuchapwa tano. Inageuka kuwa timu ya 1-1. Mechi ambayo angeimaliza kwa nafasi moja ya dakika ya 70 inakwisha bila mshindi, na alama mbili zinapotea kimyakimya. Mara moja si msiba. Ikijirudia mara tatu au nne ndani ya mechi kumi, nafasi ya kufuzu imekwenda. Nigeria ilipata bahati ya pili kwenye mchujo wa Novemba 2025, lakini dhidi ya DR Congo Osimhen aliumia na hakurudi kipindi cha pili. Mechi ikaisha 1-1, ikapotea kwa penalti.

Misri ina hadithi inayofanana na Mohamed Salah. Oktoba 2017 alifunga yote mawili katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Congo, la pili kwa penalti ya dakika za nyongeza, na Misri ikafuzu Kombe la Dunia baada ya kulikosa tangu 1990. Norway nayo ilishinda mechi zake zote nane za kufuzu 2026 na kufunga mabao 37. Erling Haaland peke yake alifunga 16.

Katika fainali zenyewe, hata hivyo, pengo la mshambuliaji huzibika mara nyingi kuliko tunavyodhani. Sadio Mané aliumia tarehe 8 Novemba 2022, siku 13 kabla ya mechi ya kwanza ya Senegal kule Qatar. Senegal ilifungwa na Uholanzi 2-0, kisha ikaichapa Qatar 3-1 na Ekuado 2-1, ikatoka kwenye kundi. Cristiano Ronaldo alitolewa kwa machela dakika ya 25 ya fainali ya Ulaya 2016, na Ureno ikashinda 1-0 kwa bao la Éder katika muda wa ziada. Ujerumani ilimpoteza Marco Reus siku chache kabla ya Kombe la Dunia la 2014 na ikalitwaa.

Beki wa kati anayepanga wenzake: hasara yake huja ndani ya dakika chache

Ukiuliza mashabiki kwa nini Brazil ilichapwa 7-1 na Ujerumani tarehe 8 Julai 2014, wengi watakutajia Neymar, aliyevunjika mfupa wa uti wa mgongo siku nne kabla, kwenye robo fainali dhidi ya Colombia. Ni kweli Brazil ilikuwa imempoteza mfungaji wake wa mabao manne. Lakini kukosa mfungaji hakuelezi kufungwa mabao manne kati ya dakika ya 23 na ya 29.

Kinachoeleza ni jina la pili. Nahodha na beki wa kati Thiago Silva alipewa kadi ya njano katika robo fainali ileile kwa kumzuia kipa wa Colombia kuupiga mpira, na ilikuwa kadi yake ya pili, hivyo akafungiwa nusu fainali hiyo ya Ujerumani. Nafasi yake ilichukuliwa na Dante. Kwa hiyo beki mwenzake David Luiz, aliyezoea kutoka kwenye mstari kwenda kukaba mbele akijua kuna mtu anayeziba nyuma yake, siku hiyo aliendelea kutoka vilevile wakati mzibaji hayupo. Unahodha nao alikabidhiwa yeye. Ujerumani walikuwa wakipita katikati kwa pasi mbili au tatu na kufika boksini wakiwa wengi kuliko mabeki. Timu inapofungwa la pili bila mtu wa kupaza sauti, "rudini, tulieni dakika tano," la tatu na la nne huja kabla watu hawajarudi kwenye nafasi zao.

Mfano wa karibu zaidi ni Korea Kusini katika Kombe la Bara Asia, Februari 2024. Son Heung-min alikuwepo. Lee Kang-in alikuwepo. Aliyekosekana kwenye nusu fainali ni beki Kim Min-jae, kwa kadi mbili za njano. Jordan ikashinda 2-0, na Korea haikupiga shuti hata moja lililolenga goli. Hili la mwisho linafundisha: beki anayeweza kuanzisha mashambulizi akiondoka, washambuliaji nao hufa njaa, maana mpira haufiki.

Kuna mfano wa kinyume, na haufai kufichwa. Italia ilimpoteza Alessandro Nesta katika mechi ya tatu ya Kombe la Dunia la 2006, ikamwingiza Marco Materazzi, ikatwaa kombe. Katika mashindano yote ilifungwa mawili tu: moja la kujifunga wenyewe na moja la penalti. Lakini tazama nani alibaki. Fabio Cannavaro, nahodha na mpangaji wa safu ile, hakukosa mechi hata moja. Katika jozi ya mabeki kuna anayepanga na anayefuata. Ukimpoteza anayefuata, unaishi. Uliza basi, katika timu yako, ni yupi kati ya wawili hao huonyesha kwa mkono mstari usimame wapi.

Kiungo: hapa majibu hugawanyika

Linganisha Ufaransa mbili. Ile ya 2002 ilimpoteza Zinedine Zidane kwa jeraha la paja katika mechi ya kirafiki siku tano kabla ya ufunguzi, na Robert Pires alikuwa tayari nje kwa goti. Mbele walibaki Thierry Henry, David Trezeguet na Djibril Cissé, watatu ambao msimu huo walikuwa vileleni mwa wafungaji wa ligi za Uingereza, Italia na Ufaransa. Wakafungwa 1-0 na Senegal, wakatoka 0-0 na Uruguay, wakafungwa 2-0 na Denmark, Zidane akiwa amerudi na paja lililofungwa bandeji. Mechi tatu, bao hakuna.

Ile ya 2022 iliwakosa Paul Pogba, N'Golo Kanté na Karim Benzema, ikafika fainali na kupoteza kwa penalti baada ya 3-3 na Argentina. Tofauti ilikuwa nini? Siku. Kukosekana kwa Kanté na Pogba kulijulikana kabla ya kikosi kutajwa, kwa hiyo kocha Didier Deschamps alipanga upya: Aurélien Tchouaméni na Adrien Rabiot nyuma, Antoine Griezmann akashushwa kuwa kiungo. Hata Benzema, aliyeumia mwishoni kabisa, alimwachia nafasi Olivier Giroud, mtu aliyekwisha kuanza fainali ya Kombe la Dunia la 2018.

Denmark ilifanya vivyo hivyo baada ya Christian Eriksen kuanguka uwanjani Juni 2021. Kocha hakumtafuta Eriksen wa pili. Alibadili mfumo kuwa wa mabeki watatu na kumwanzisha Mikkel Damsgaard, na timu ikafika nusu fainali. Mchezeshaji, yaani kiungo anayewatengenezea wenzake nafasi, hatafutiwi mwingine kama yeye; hubadilishwa mfumo.

Kiungo mkabaji ni jambo jingine, na nadhani anahesabiwa kidogo mno. Ile Senegal iliyozoea kutokuwa na Mané ilifika raundi ya 16 dhidi ya Uingereza bila Idrissa Gana Gueye, aliyefungiwa kwa kadi za njano. Ikachapwa 3-0, na Jude Bellingham akapata nafasi za kukimbia na mpira katikati ya uwanja ambazo mkabaji mwenye uzoefu angezifunga.

Kipa

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu jawabu linategemea mtu mmoja tu: kipa wa pili. Mohamed El Shenawy wa Misri aliumia kwenye fainali za Afrika za mwanzo wa 2022, akaingia Gabaski, akaokoa penalti na kuifikisha timu fainali. Miaka miwili baadaye El Shenawy akaumia tena, Gabaski akaingia tena, na safari hiyo Misri ikatolewa kwa penalti na DR Congo, yeye mwenyewe akigonga mwamba. Mara zote mbili timu haikuvunjika ndani ya dakika 120. Kanuni za Kombe la Dunia nazo zina huruma kwa nafasi hii: mchezaji wa ndani hubadilishwa kwenye orodha hadi saa 24 kabla ya mechi ya kwanza, lakini kipa aliyeumia anaweza kubadilishwa wakati wowote wa mashindano.

| Anayekosekana | Huumiza zaidi wapi | Dalili uwanjani | Kinachosaidia |
|---|---|---|---|
| Mfungaji pekee | Kufuzu | Sare za 0-0 na 1-1 | Mabao ya kona na mipira iliyokufa, kiungo anayeingia boksini |
| Beki anayepanga | Mtoano | Mstari unapinda, mabao mawili ya haraka | Jozi ya pili iliyokwisha kucheza pamoja |
| Kiungo mkabaji | Mtoano | Mpinzani anapokea katikati na kugeuka bila kuguswa | Kuongeza mtu katikati, kumtoa winga mmoja |
| Mchezeshaji | Siku za mwanzo | Straika anarudi nyuma kutafuta mpira | Kubadili mfumo mzima |
| Kipa | Penalti na krosi | Mabeki wanaogopa kumrudishia pasi | Kipa wa pili mwenye mechi za ushindani |

Namna ya kupima, na mahali hesabu inapodanganya

Chukua mechi za ushindani za miaka miwili, acha za kirafiki. Gawa mafungu mawili: alizoanza na alizokosa. Gawanya alama kwa idadi ya mechi, kisha fanya vivyo hivyo kwa mabao ya kufunga na ya kufungwa.

Lionel Messi ndiye mfano wa hesabu nzuri iliyo na mtego. Katika kufuzu kwa 2018 alicheza mechi 10, Argentina ikapata alama 21. Alikosa nane, ikapata saba. Ni alama 2.1 kwa mechi dhidi ya 0.88, pengo kubwa mno. Lakini Argentina ile ilipita mikononi mwa makocha watatu, Martino, Bauza na Sampaoli, na mechi nne kati ya zile alizokosa zilikuwa za mwanzo kabisa. Machi 2025 Argentina ikamkosa Messi tena, na Lautaro Martínez pia: ikashinda 1-0 kwa Uruguay, ikaichapa Brazil 4-1. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni safu ya kiungo iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kuamini namba, angalia wapinzani walikuwa nani, uwanja ulikuwa wa nani, na kama kocha ni yuleyule. Chini ya mechi tano za kukosekana, usihitimishe kitu.

Kadi huondoa watu wengi kuliko tunavyokubali

Thiago Silva, Kim Min-jae na Gueye hawakuumia. Walipewa kadi. Katika mashindano waliyocheza, njano mbili katika mechi tofauti zilimaanisha kukosa mechi moja, na njano moja ilifutwa baada ya robo fainali tu. Mwenye moja aliibeba katika mechi zote za mwanzo za mtoano. Kocha anayeongoza 2-0 dakika ya 65 na ana beki mpangaji mwenye njano moja anapaswa kumtoa, hata kama mashabiki watapiga miluzi.

Na uandikaji wa kadi uwe kazi ya mtu mmoja anayejulikana. Machi 2025 Afrika Kusini iliifunga Lesotho 2-0 ikiwa imemchezesha Teboho Mokoena, aliyekuwa na njano mbili tayari katika mechi za kufuzu. FIFA ikaipa Lesotho ushindi wa 3-0. Afrika Kusini ilifuzu hata hivyo, kwa ile alama moja juu ya Nigeria.

Na Kenya?

Kwa mechi za kufuzu, Olunga ndiye wa kwanza kulindwa. Tofauti kati yake na wanaomfuata ingali kubwa, ingawa Ryan Ogam, aliyezifunga Morocco na Zambia kwenye CHAN, ameanza kuipunguza. Sare za Nigeria ni onyo la kutosha.

Kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya itaandaa pamoja na Tanzania na Uganda, ningeanza na ulinzi wa kati. Mwaka 2019 beki Brian Mandela aliumia goti katika kambi ya Ufaransa fainali zikiwa zimekaribia, na Kenya ilifungwa saba katika mechi tatu, zikiwemo za Algeria na Senegal, timu mbili zilizocheza fainali. Faida iliyobaki ni Joseph Okumu, aliyejitokeza pale na baada ya mashindano akasajiliwa na Elfsborg ya Sweden. Lakini beki wa kati aliyepatikana kwa ajali hakupata muda wa kuzoeana na mwenzake.

Dirisha la kimataifa kwa kawaida hutoa mechi mbili. Ya pili wapewe jozi ya akiba ya mabeki wa kati, wote wawili pamoja, dakika 90, huku kiungo mkabaji wa kwanza akibaki mbele yao ili kibadilike kitu kimoja tu na kocha aone kosa linatoka wapi. Straika wa akiba naye asiingizwe dakika ya 85; aanze, acheze na mawinga walewale wanaomlisha Olunga, afikishe angalau dakika 60. Na mojawapo ya mechi hizo iwe ugenini, dhidi ya timu inayobana juu, yaani inayokaba karibu na goli la mpinzani, kwa sababu Kasarani iliyojaa husaidia kuficha beki asiyejua kupaza sauti.